Papi wa wiki 9 na ndoo ya mifupa ya bure kutoka bucha

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Buhongwa, hapa Mwanza, nalifupisha. Ana watoto wawili wa mbwa, mchanganyiko wa jamani shepadi na mbwa wetu wa kienyeji, wana wiki 9 na kila mmoja ana kama kilo 5. Jirani yake ana bucha, kila jioni anamwekea ndoo ya mifupa bure. Mumewe anasema mifupa mibichi itawafanya wawe wakali mpaka wang'ate watoto wa nyumbani, shangazi yake anasema aichemshe kwanza ilainike ndo awape, na yeye mwenyewe kaona video za wazungu wanampa papi mfupa mbichi mzima mzima na hamna shida. Anauliza amsikilize nani.

Dada yangu, kati ya hao watatu shangazi ndo anaweza kukuulia mbwa haraka zaidi, shemeji kakosea sababu ila kuna kitu amekiona kweli, na wale wa kwenye video wako sawa nusu mana bucha yao sio bucha yako.

Nianze na shangazi. Leo jioni ukila kuku wa kuchoma usitupe mfupa wa paja, ukaushe kidogo kwa kitambaa halafu uvunje kwa mkono. Utasikia ta! na utaona umepasuka kwa urefu, umeacha ncha mbili kama sindano ya gunia. Sasa kesho ukinunua kuku mbichi wa kisasa chukua shingo yake uipinde, inapinda, inajikunja, ukilazimisha sana pingili zinaachana tu. Mfupa mbichi una maji na una kolajeni, hiyo ndo inayoufanya uwe na mnyumbuliko, na moto ukipita unaharibu kolajeni na kukausha maji, unabaki udongo mkavu unaopasuka. Kwa hiyo kuchoma, kukaanga, kuchemsha, kote ni kubaya, na mfupa wa kwenye supu kuonekana laini kwa nje haimaanishi haupasuki ndani. Mbwa wengi niliowahi kuwatoa mfupa kooni au tumboni walikula mifupa iliyopikwa, mabaki ya sikukuu, mabaki ya nyama choma, mgeni kaona huruma karusha chini ya meza. Labda uchemshe kwenye presha kuka mpaka mfupa wa kuku unabondeka kati ya vidole viwili kama kiazi, hapo sawa, lakini huo tena ni uji sio mfupa.

Shemeji naye. Nyama mbichi haimfanyi mbwa kuwa mkali, hamna kitu kwenye damu kinachopanda kichwani, hii tumerithishana tu kama ile ya kumlisha pilipili ili awe mlinzi mzuri. Ila alichokiona shemeji kipo, mbwa akipata kitu kitamu kuliko chakula chake cha kila siku anakilinda, na mfupa ndo kitu kitamu kuliko vyote, ukienda kumpokonya atakunguruma hata kama mchana alikuwa analala miguuni pako. Huo ni woga wa kunyang'anywa. Na mbwa wa mnyororo anayekula mara moja kwa siku ana woga huo mara kumi. Nitarudi hapo kwenye namna ya kuwafundisha, mana kwa papi wa wiki 9 ni rahisi mno kurekebisha, akifika mwaka ndo inakuwa kesi.

Sasa tuje kwenye ndoo yenyewe.

Nimeshaziona hizo ndoo nyingi tu. Kuna vipande vya mapaja na miguu ya ng'ombe, vimekatwa kwa shoka juu ya gogo, kuna pingili za uti wa mgongo zenye ncha, kuna mfupa wa uboho uliokatwa kama pete, na chini kabisa kuna mapafu na vipande vya ini ambavyo mkaguzi kavikataa au mteja hakuvitaka. Hiyo ndoo kwa mbwa mkubwa tu nina maswali nayo, kwa papi hamna hata kipande kimoja ningempa kama kilivyo, na nakwambia kwa nini mana ukijua sababu utaweza kuchagua mwenyewe hata nisipokuwepo.

Mguu wa ng'ombe umebeba mnyama wa kilo 300, huo mfupa ni mgumu kiasi cha kuvunja jino. Papi wako sa hivi ana meno 28 ya maziwa, membamba, na chini yake ndani ya fizi meno ya ukubwani yanajiandaa, yatakuwa 42 akifika miezi 6 au 7. Jino la maziwa likivunjika na mzizi ukabaki wazi, usaha unaingia ndani na unaweza kuharibu jino la kudumu ambalo hata halijatoka. Kipimo changu ni ukucha wa dole gumba: bonyeza mfupa kwa ukucha, usipoacha hata alama ndogo basi ni mgumu mno kwa mbwa, weka pembeni.

Shoka na gogo. Hili hao wa kwenye video hawakwambii kwa sababu kwao mfupa unakatwa kwa msumeno wa umeme au unatengwa kwenye kiungo kwa kisu. Kwetu fundi anapiga panga, mfupa unapasuka, na hata ukiwa mbichi unaacha vibanzi vikali kama vya mti mkavu, alafu na vijiti vya gogo lenyewe vimeng'ang'ania kwenye nyama. Pitisha vidole (taratibu!) kwenye kipande chochote cha bucha utavikuta. Kwa hiyo ukiomba mfupa wa mbwa mwambie jirani akutengee kwenye maungio kwa kisu, asipige shoka, ni dakika moja tu kwa fundi anayejua kazi yake.

Mfupa wa pete, ule wa uboho. Niliwahi kuitwa Igogo usiku mbwa analia anazunguka uwanja mzima anajipigapiga kichwa ukutani, majirani washasema kichaa cha mbwa, wako na mawe mkononi wanasubiri. Alikuwa amelamba uboho, pete ya mfupa ikapita juu ya meno marefu ya chini ikakaa kwenye taya, kurudi haiwezi. Wameshapaka mafuta ya kula wakavuta wakashindwa. Tulimlaza kwa sindano nikaukata ule mfupa kwa msumeno wa chuma tulioazima gereji, huku mwanafunzi wangu kaweka kijiko katikati ya mfupa na fizi nisimkate. Alipona, lakini kwa dakika tano zaidi angekufa kwa mawe na sio kwa mfupa. Pete za uboho usimpe mbwa yeyote, mkubwa wala mdogo.

Halafu mapafu na maini, na hapa naomba usome pole pole kwa sababu hapa hatuongelei mbwa peke yake, tunaongelea watoto wako.

Kuna tegu mdogo sana anaishi kwenye utumbo wa mbwa, ana milimita chache tu, huwezi kumwona kwenye kinyesi kama unavyoona wale wengine wanaofanana na mbegu za tango. Mayai yake yanatoka na kinyesi, ng'ombe, mbuzi na kondoo wanayala kwenye majani, na ndani ya mapafu au ini lao kunaota kifuko cha maji meupe, kingine kidogo kama njegere kingine kikubwa kama chungwa. Ukikipasua chini kuna kitu kama mchanga mweupe, kila punje ya ule mchanga ni kichwa cha tegu mpya. Mbwa akila pafu hilo bichi, baada ya wiki kama 6 au 7 anao maelfu tumboni na anaanza kumwaga mayai, na yeye mwenyewe haumwi, manyoya yanang'aa, anakula, anacheza. Anajilamba nyuma, anamlamba mtoto usoni, mtoto anashika manyoya anaweka vidole mdomoni. Kwa binadamu kile kifuko kinaota kwenye ini au mapafu kimya kimya kwa miaka, na mara nyingi mwisho wake ni upasuaji. Wafugaji wa Ngorongoro na Turkana kule Kenya wanaujua huu ugonjwa vizuri mno, Turkana ni kati ya sehemu zilizowahi kuonekana na wagonjwa wengi kuliko kwingine kokote duniani, na ng'ombe na mbuzi tunaokula Mwanza wanatoka kwa wafugaji, sio mbinguni.

Ukipita karibu na machinjio yoyote asubuhi utaona mbwa na yale makorongo makubwa wanagombania nini: mapafu. Basi mzunguko ndo huo.

Kwa hiyo mapafu, ini, bandama, moyo, kamwe usimpe mbichi kutoka bucha. Kata vipande vidogo, chemsha nusu saa na zaidi, hapo ni chakula kizuri sana na wala sikuzuii. Kuna wanaosema gandisha kwenye friza, ni kweli kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 10 hivi kile kifuko kinakufa, lakini friza ya nyumbani inayofunguliwa kila saa mtoto anatafuta barafu ya juisi, na umeme ukikatika nusu siku, hiyo nyuzi 20 hujaifikia, usijidanganye. Dawa yake ni prazikwantel, ndio, ile ile ya kichocho wanayopewa watoto shuleni huku kwetu ziwani, ila usichukue kidonge kilichobaki cha mtoto ukakadiria, dozi ya mbwa inapimwa kwa kilo zake. Mbwa anayekula chochote kibichi mimi nampa kila baada ya wiki 6, kabla hao tegu hawajaanza kutaga. Dawa nyingi za minyoo za bei rahisi zinaua minyoo ya duara tu, tegu huyu hazimgusi, soma kwenye paketi kama prazikwantel ipo.

Sasa utaniuliza, daktari kama kila kitu ni hatari mfupa wa nini basi, si niwape ugali na dagaa kama bibi alivyofanya?

Swali zuri. Mfupa una kazi moja kubwa kwa papi nayo ni kalsiamu. Nyama tupu ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno, mwili wa papi unapokosa kalsiamu unaikopa kwenye mifupa yake mwenyewe, na ndo unapata wale mbwa wa "nalisha nyama tupu kila siku daktari, sijabana hela" ambao wakiruka kutoka kwenye kochi mguu unavunjika. Wale wa pumba na ugali mtupu nao wanapinda miguu, matege. Na kuna kosa la upande wa pili ambalo naliona zaidi kwa wenye mbwa wakubwa kama shepadi na rotwela: mtu anaona miguu inapinda, anakimbilia duka la vyakula vya mifugo ananunua mifupa ya kusaga au DCP ya kuku (unga wa kalsiamu na fosforasi wa mifugo) anamwaga kijiko juu ya chakula ambacho tayari kina mfupa. Papi chini ya miezi 6 utumbo wake haujui kukataa kalsiamu iliyozidi, inaingia yote, na kwa mbwa wa maumbo makubwa inaharibu ukuaji wa mifupa na viungo vile vile kama upungufu. Wako ni nusu shepadi, kwa hiyo hesabu ni moja: siku ya mfupa hakuna DCP, hakuna ganda la yai, hakuna chokaa ya aina yoyote.

Nikuambie ukweli mwingine ambao wauzaji wa "chakula cha asili" hawapendi. Chama cha madaktari wa mifugo cha Marekani tangu 2012 kina msimamo wa kutoshauri nyama mbichi kwa mbwa, sababu kubwa ni bakteria wa salmonela na wenzake kwa mbwa na kwa watu wa nyumbani. Na mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Melbourne walitoa utafiti kuhusu mbwa wanaopooza ghafla, miguu ya nyuma inalegea kwanza kisha ya mbele, hata sauti ya kubweka inabadilika, wakakuta ugonjwa huo unaendana sana na kula kuku mbichi, na hasa walikuwa wanatilia shaka shingo za kuku, kwa sababu ya bakteria anayeitwa kampilobakta. Wengi wanapona lakini inachukua wiki au miezi. Sio ugonjwa wa kila siku, mbwa wengi wanakula shingo maisha yao yote bila shida, ila siwezi kukuficha halafu nijiite daktari.

Kwa hiyo msimamo wangu mimi, na kuna madaktari wenzangu watakaosema nimelegea na wengine watasema nimekaza: kabla ya wiki 12 hakuna kitu kibichi. Papi wa wiki 9 kinga ya maziwa ya mama inaisha na ya kwake haijakaa sawa, chanjo hazijakamilika, minyoo ya kuzaliwa nayo bado unaipiga dawa kila wiki 2, halafu umuongezee salmonela ya nini? Hizo wiki 3 zilizobaki fanya hivi.

Ile ndoo usiikatae, jirani mwema ni wa kushika. Mifupa ichemshe masaa mawili matatu, chuja supu, mifupa yote ifukie kwenye shimo refu au ipeleke mbali kabisa mana mbwa anafukua, supu ikipoa toa yale mafuta yaliyoganda juu (mafuta mengi kwa papi ni kuhara) na bila chumvi bila kitunguu, kitunguu ni sumu kwa mbwa. Songa ugali laini kwa hiyo supu, changanya na dagaa. Dagaa wa pale Mwaloni Kirumba ni chakula bora kabisa kwa papi kwa sababu analiwa na mifupa yake midogo yote, kalsiamu iko humo humo, kasoro moja tu: walioanikwa chini wana mchanga, osha maji matatu manne mpaka chini ya beseni kusibaki kitu, chemsha, kisha saga au ponda. Siku ukiwa na nyama isiyo na mfupa badala ya dagaa, tumia ganda la yai: chemsha, kausha juani, saga mpaka iwe vumbi kama unga wa muhogo, kijiko kimoja cha chai kisichofurika kwa nusu kilo ya nyama. Milo 4 kwa siku mpaka miezi 3, baada ya hapo mitatu mpaka miezi 6.

Wakifika wiki 12, kinyesi kigumu, hawahari, dawa ya minyoo wamekunywa, ndo unaanza mfupa wa kwanza.

Nunua shingo za kuku wa kisasa. Kwa nini wa kisasa? Kwa sababu anachinjwa na wiki 5 au 6, ni mtoto, mifupa yake bado laini. Shingo ya kuku wa kienyeji aliyetaga miaka mitatu ni kamba na jiwe, hiyo pika supu ule mwenyewe. Nunua asubuhi mapema kwa anayechinja siku hiyo, sio zile zilizolala kwenye beseni na nzi tangu jana, harufu ikikutilia shaka acha. Toa ngozi na yale mafuta ya njano. Baadaye akizoea unaweza kumpa kidari cha mbuzi mdogo, ile sehemu ya gegedu, au mbavu za mbuzi zilizotengwa kwa kisu na zina nyama ya kutosha. Neno lenyewe ni mfupa wenye nyama, mfupa mweupe uliokwanguliwa sio chakula, ni jiwe.

Siku ya kwanza usimrushie. Kaa kwenye kigoda, papi mmoja yuko na wewe mwingine kafungiwa ndani, umeshamlisha kidogo ili asiwe na njaa kali, mana mwenye njaa anameza nzima. Ponda shingo kwa mwiko au mchi mara mbili tatu, pingili zilegee. Shika ncha moja kwa nguvu, mpe ncha nyingine pembeni ya mdomo, kwenye magego. Mwanzoni atalamba tu, atakuangalia usoni kama anauliza hii ni nini, atavuta kama kamba, kisha utamsikia krach, krach, anageuza kichwa upande. Hiyo krach ndo unayoitaka, maana yake anatafuna. Asipotafuna akaanza kumeza kama nyoka, usiachie, mwache avute mpaka ajue hiki kitu hakipiti bila kutafunwa. Nusu shingo siku ya kwanza inatosha. Ukubwa wa kipande uwe mrefu kuliko mdomo wake, kosa la wengi ni kumkatia vidogo vidogo wakidhani wanamsaidia, kipande kidogo ndo kinachomezwa kizima.

Na hapo hapo ndo somo la shemeji. Akiwa anatafuna sogea na kipande kidogo cha nyama iliyopikwa, mpe, mwache aendelee na mfupa wake, ondoka. Rudia. Siku nyingine mpe nyama kwa mkono mmoja, chukua mfupa kwa mwingine, mrudishie mfupa. Baada ya wiki mbili ukisogea mkia unatikisika kwa sababu kwake mkono wako unaleta, hauchukui. Kupokonya ili "ajue nani bosi" ndo kunatengeneza yule mbwa wa kung'ata watoto. Na watoto wenyewe, hata mbwa awe malaika, mbwa akiwa na mfupa mtoto hamsogelei, hiyo ni sheria ya nyumba. Hao papi wawili nao kila mmoja na kona yake mpaka wamalize.

Shingo moja kwa papi mmoja, mara 3 kwa wiki, mahali pa sehemu ya mlo sio juu ya mlo. Kama nusu saa hajamaliza, kilichobaki unatupa, joto letu hili nyama mbichi haikai uwanjani. Kila wakati uwepo hapo, sio unampa unaingia ndani kupika. Alafu osha mikono kwa sabuni, bakuli lake liwe lake peke yake, sakafu ipigwe maji ya jiki, na siku hiyo hakuna kulambwa usoni.

Kesho yake angalia kinyesi, kinakusomea kila kitu. Kigumu kiasi ni sawa. Kikiwa cheupe kama chaki kinamung'unyika na anajikamua analia, mfupa umezidi, punguza na ongeza nyama na maji. Kikiwa cha maji au kina damu, acha kabisa na nipigie au nenda kwa daktari aliye karibu.

Ya dharura ni mawili na watu wanayachanganya. La kwanza ni kukabwa, hapumui, ulimi unakuwa wa bluu, hapo hakuna muda wa bodaboda: fungua mdomo, ukiona kitu kitoe kwa vidole, usipokiona mnyanyue miguu ya nyuma kichwa chini na umpige kwa kiganja katikati ya mabega, ikishindikana minya chini ya mbavu kwenda juu kwa nguvu za haraka haraka. La pili ni mfupa uliokwama kwenye koo la chakula, anapumua vizuri lakini anatoa mate mengi, anameza meza hewa, akila anarudisha hapo hapo, shingo kainyoosha. Huyo usimpe tonge la ugali lisukume kama tunavyofanya kwa mwiba wa samaki, usimpe mafuta, usimtapishe, mana mfupa unaweza kuchana koo kwa ndani. Mlete siku hiyo hiyo, sio "tuone kesho". Hivyo hivyo na anayetapika tapika, hataki kula, tumbo gumu, mgongo kaukunja, hajaenda haja siku nzima.

Samaki hukuuliza lakini kwa mtu wa Mwanza lazima niseme. Mapanki yale ya viwandani, mgongo wa sangara na kichwa chake, watu wanawapa mbwa wakidhani ni zawadi. Mbichi au ya kukaanga, miiba ya mgongoni ya sangara ni misumari, na sangara wengi wanavuliwa kwa ndoano, nimeshatoa ndoano kwenye koo la mbwa aliyeokota kichwa cha sangara ufukweni. Mbavu za sato nazo ni nyembamba na zinachoma. Chemsha, chambua nyama kwa vidole, mpe nyama. Kitimoto kibichi pia hapana, mfupa wake wala nyama yake.

Wakitimiza wiki 12 wanatakiwa chanjo ya kichaa cha mbwa, walete wote siku hiyo tuwapime na kilo, tukokotoe dozi ya prazikwantel, na kama unaogopa kuanza peke yako njoo na shingo tukae na kigoda hapa nje tuwaangalie wanavyotafuna. Lete shingo mbili lakini, na kamba mbili, mana shingo moja kwa papi wawili utanipa kazi ya kushona masikio.